Makaburi ya Kasubi: Wafalme Waliofia Ugenini na Sisi Tulioko Ugenini

Kamati ya jamii ilipotupatia sisi walimu kurasa chache katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi, ilitutaka tuandike juu ya umuhimu wa utamaduni. Kichwa hicho tumekizoea. Tangu tulipokuwa chuo cha ualimu tumekiandikia insha nyingi, na karibu zote zilianza kwa methali isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa, zikamalizia kwa kuwasihi vijana wasisahau ngoma. Mkufunzi akatupa alama, tukaenda kula. Safari hii tumeona tusiandike hivyo, kwa sababu katika mkutano wa maandalizi wazazi walituuliza maswali ambayo hatukuweza kuyajibu kwa methali.

Tulikuwa tumependekeza kwamba saa moja kila Ijumaa wanafunzi wakae na wazee, wafundishwe nyimbo, hadithi na ngoma za kwao. Mzazi mmoja akasimama akasema: Mwanangu anakula mara moja kwa siku tangu mgao upunguzwe, nanyi walimu mnataka kumpunguzia na hesabu ili apige ngoma? Wa pili, mhubiri wa kanisa moja hapa kambini, alisema ngoma za mababu ni mlango wa mashetani, na yeye hakukimbia vita ili watoto wake wapotee kwa njia nyingine. Wa tatu alikuwa mama mtulivu ambaye kwa kawaida hasemi mikutanoni. Yeye alisema kwamba kule kwetu Kivu watu walianza kwa kuimba nyimbo za kabila lao na wakamalizia kwa panga, basi afadhali watoto wasizijue. Mkutano ukanyamaza. Mwenyekiti akaahirisha shauri.

Wiki chache baadaye walimu wanne tuliitwa Kampala kwa semina. Siku ya mwisho tulibaki na alasiri moja, tukapanda boda boda mpaka kilima cha Kasubi, kama kilomita tano kutoka katikati ya jiji. Hatukwenda kutafuta majibu. Tulikwenda kutazama kama watu wengine wanavyotazama. Lakini tuliyoyasikia na kuyasoma baadaye juu ya kilima kile yaliturudisha kwenye maswali ya mkutano, na ndiyo tunayoyaandika hapa.

Kasubi ni mahali walipozikwa Makabaka wanne wa Buganda. Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga ikulu yake pale mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo, ikulu ikawa kaburi. Nyumba kubwa huitwa Muzibu Azaala Mpanga. Ni nyumba ya duara, upana wake mita 31 hivi, paa lake la nyasi nene limeshuka karibu kugusa ardhi, na ndani limeshikiliwa na pete 52 zilizosukwa, ambazo ni hesabu ya koo za Buganda. Wasusi wa paa ni watu wa ukoo wa Ngeye, yaani mbega. Wapambaji ni wa ukoo wa Ngo, yaani chui. Kazi hizo hazigawiwi kwa tenda. Mtu huzaliwa nazo. Nyuma ya pazia la kitambaa cha gome la mti ndiko makaburi yaliko, na upande huo wanauita msitu. Kabaka, kwa maneno yao, hakufa, ameingia msituni. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliandika Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia.

Tuongeze jambo moja dogo kwa wale wanaodhani Kiswahili kililetwa Kampala na askari peke yao. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, na Mutesa mwanawe alijifunza Kiswahili na Kiarabu. Kwa hiyo lugha hii tunayoitumia katika jarida letu ilikwisha kusemwa katika majumba ya wafalme hawa kabla Mzungu hajakanyaga Buganda.

Sasa tuangalie majina ya hao wanne. Mutesa wa Kwanza tumekwisha kumtaja. Wa pili ni Mwanga, mwanawe. Wa tatu ni Daudi Chwa, aliyefariki mwaka 1939. Wa nne ni Mutesa wa Pili. Katika wanne hao, wawili walifia uhamishoni. Hilo hatukulijua kabla, na tunadhani wengi kambini hawalijui.

Mwanga si mtu wa kusifiwa kirahisi. Wengi wetu huenda Namugongo tarehe 3 Juni kuwakumbuka mashahidi wa Uganda, na aliyewaua ndiye huyu. Lakini historia ya mtu haiishi kwenye ukurasa mmoja. Mwaka 1897 aliasi dhidi ya Waingereza, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, nchi ambayo leo ni Tanzania. Hakukaa huko. Alirudi kupigana, akaungana kaskazini na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na wote wawili wakakamatwa mwaka 1899. Wakapelekwa visiwa vya Shelisheli, katikati ya Bahari ya Hindi, mbali na ndizi na ngoma zao. Mwanga alikufa huko mwaka 1903. Kabalega alikaa zaidi ya miaka 20, na aliporuhusiwa kurudi akafia Jinja mwaka 1923, akiwa njiani, hajafika Bunyoro. Wale waliokwisha kupoteza mzazi njiani wanaelewa habari hii bila kufafanuliwa.

Mwaka 1910 mabaki ya Mwanga yalirudishwa Buganda. Hapo likatokea jambo ambalo kwetu sisi walimu lina uzito kuliko yote tuliyoyasikia. Desturi ya Buganda ilikuwa kila Kabaka kuwa na kaburi lake, kwenye kilima chake. Zamani zaidi hata taya la Kabaka lilitengwa na mwili likahifadhiwa katika nyumba ya peke yake, na Mutesa wa Kwanza ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzikwa mwili mzima. Mwanga alipokuja akiwa mifupa kutoka baharini, walimzika Kasubi, ndani ya nyumba ya baba yake. Mwanawe Daudi Chwa akazikwa hapo hapo, kisha mjukuu. Hivi leo mtu akisema desturi ya Buganda ni kuzika Makabaka Kasubi, ukweli ni kwamba desturi hiyo ilizaliwa pamoja na mkimbizi kurudi nyumbani. Nasi tulikuwa tumezoea kufundisha kwamba mila ni kitu kilichokaa vile vile tangu mababu, na mtoto kazi yake ni kukipokea bila kukigusa.

Mutesa wa Pili alifukuzwa mara mbili. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alimtia ndegeni akampeleka Uingereza, kwa sababu alikataa mipango ya serikali ya kikoloni na Waganda waliogopa kuunganishwa kwa nguvu katika shirikisho la Afrika Mashariki. Hapo watu wa Buganda wakafanya jambo ambalo gavana hakulitazamia. Walivua nguo za dukani, wakavaa lubugo, kitambaa cha gome, ambacho ni vazi la msiba. Wanaume na wanawake wakatembea mjini wamevaa magome. Hakuna sheria ya kumkamata mtu kwa kuvaa gome la mti. Mazungumzo yakaanza, na tarehe 17 Oktoba 1955 Kabaka akarudi.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 24 Mei 1966 askari wa serikali ya Obote, wakiongozwa na Idi Amin, walishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka akaruka ukuta, akapata teksi barabarani, akatoroka, akapita Kongo na Burundi mpaka akafika London. Ndiyo, ndugu wasomaji, alipita Kongo. Wakati ule mkimbizi alikuwa Mganda na mwenyeji alikuwa Mkongomani. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zikafutwa kwa katiba mpya. Mutesa akafa London mwezi Novemba 1969, katika nyumba ndogo ya kupanga.

Maiti yake ilirudishwa mwaka 1971, na aliyeruhusu irudi ni Idi Amin yule yule, aliyekwisha kutwaa madaraka. (Siasa ina maajabu yake.) Mwana wa marehemu, Ronald Mutebi, alikuwa bado kijana wa shule huko Uingereza. Alikuwa amekulia ugenini tangu ufalme ulipovunjwa. Aliletwa Kampala, na katika mazishi ya Kasubi akaufunika mwili wa baba yake kwa lubugo, kama arithiye anavyopaswa kufanya. Ufalme wenyewe haukuwapo kisheria, wala hakuna aliyejua kama utarudi. Lakini tendo lile lilikwisha kufanyika mbele ya macho ya watu. Miaka 22 baadaye, tarehe 31 Julai 1993, baada ya bunge kuruhusu falme zirudi, Mutebi alitawazwa Naggalabi, kilima cha Buddo, naye amevaa lubugo.

Tulijiuliza, kijana yule alijuaje la kufanya? Hakujua. Wazee walijua, wakamwonyesha. Kama katika miaka ile wazee wangekufa wote bila kumwonyesha mtu, kitambaa kingekuwapo, kaburi lingekuwapo, na kijana angesimama hapo na kitambaa mkononi.

Kuhusu kitambaa hicho tungependa kusema zaidi kidogo, kwa kuwa mhubiri wetu atakuwa anasoma. Lubugo hutengenezwa kutokana na gome la mti uitwao mutuba, ambao ni jamii ya mtini. Wajuzi wake ni watu wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji. Wakati wa mvua hulibandua gome zima la shina, wakalilainisha kwa moto na maji, kisha wakalipigapiga kwa nyundo za mbao zenye michirizi, chini ya banda ili jua lisilikaushe upesi, mpaka linapanuka na kuwa laini kama shuka. Likianikwa hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Shina lililoachwa uchi hufungwa kwa majani ya mgomba kama mtu anavyofunga kidonda, na gome huota tena. Mti mmoja huvunwa mwaka hadi mwaka kwa miaka mingi.

Nguo za pamba za wafanyabiashara zilipoingia, lubugo lilianza kushuka bei. Kisha makanisa mengi yakafundisha kwamba ni kitambaa cha waganga na mashetani, na Wakristo wengi wakaona haya kulivaa. Sababu yao haikuwa bure: ni kweli waganga walilitumia. Lakini walilitumia pia wakunga na wafiwa, tena wafalme na watu wa kawaida kitandani. Mtu akichoma kila kitu ambacho mganga amewahi kukigusa, hata maji hayatabaki. Kazi ile ilikaribia kufa. Mwaka 2005 UNESCO ikautangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingia katika orodha yake ya urithi usioshikika. Leo vijana wa Kampala wanashona mikoba na makoti ya gome na kuwauzia wageni. Wazee wengine hawafurahii. Sisi hatuoni ubaya, alimradi fundi anakula.

Tulipita pia katika Jumba la Makumbusho la Uganda, barabara ya Kira. Lilianzishwa mwaka 1908, nalo ni la kwanza katika Afrika Mashariki. Zamani lilikuwa ndani ya ngome ya Lugard, Old Kampala, na wenyeji waliliita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya hirizi, kwa sababu vitu vya ibada vilivyochukuliwa kwa watu ndivyo vilivyojazwa humo. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka 2011 kulikuwa na mpango wa kulibomoa ili pajengwe jumba la biashara la ghorofa 60. Wananchi wakaenda mahakamani, na makumbusho bado yapo.

Humo mna masalio ya Kibuuka, yule ambaye Waganda wa kale walimwita mungu wa vita. Wanasimulia kwamba alipigana na Banyoro akiwa juu katika wingu, mpaka mwanamke mateka akamtegea sikio, akaitoa siri yake kwa watu wake, na mishale ikaelekezwa mawinguni. Masalio hayo yalichukuliwa na mmisionari John Roscoe yakapelekwa Cambridge, yakarudi mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Vitu vingine 39 kutoka Cambridge vilirudi mwezi Juni 2024, lakini hivyo vimeazimwa tu, kwa miaka mitatu. Mmoja wetu aliuliza kwa sauti: mtu anaazimwaje kilichokuwa chake? Mlinzi akacheka, akasema swali hilo huulizwa kila siku. Kongo nayo inalijua. Mwezi Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikwenda Kinshasa na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kilichochukuliwa enzi za ukoloni, akakikabidhi kwa makumbusho ya taifa, nacho pia kwa mkopo, ingawa mkopo usio na mwisho.

Sasa tumrudie yule mama aliyetaja panga. Kwake hatuna jibu la haraka, na Kasubi yenyewe haikutupa. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 Muzibu Azaala Mpanga iliungua ikateketea. Watu walikusanyika kwa maelfu wakilia. Kesho yake Rais alipokwenda kuona, vurugu zikazuka, askari wakapiga risasi, na watu wakafa pale pale mbele ya majivu. Miezi michache kabla, Septemba 2009, Kampala ilikuwa imekwisha kumwaga damu baada ya Kabaka kuzuiwa kwenda Kayunga. Kwa hiyo asije mtu akasema urithi ni ngoma na furaha tu. Watu huufia, na wakati mwingine huua kwa ajili yake. Mama yule anasema kweli. Kule Rwanda mwaka 1994, redio ilitumia nyimbo na hadithi za nani alikuja lini katika nchi, na sote tunajua zilifanya kazi gani.

Lakini tukifikiri tunaona kwamba waliotumia nyimbo zile hawakuwafundisha watu historia. Waliwafundisha kipande chake. Mtoto asiyejua lolote ndiye aliye rahisi kupewa kipande. Akija mtu na redio akamwambia sisi tulikuwa hivi na wale walitufanyia vile, atampinga kwa nini, naye hana chake cha kulinganisha? Hapa kambini tunao Wahunde, Wanyanga, Wanyarwanda, Wabembe, Washi, Wahema, Walendu, Wanande na wengineo. Pendekezo letu, ambalo tutalirudisha mkutanoni, ni kwamba saa ile ya Ijumaa mzee wa kabila hili awasimulie watoto wa makabila yote, wala si wa kwake tu. Mama aliposikia hilo nje ya mkutano alisema atafikiri. Tunamheshimu kwa kufikiri.

Kasubi ilijengwa upya, taratibu mno. Serikali ya Japani ilisaidia kupitia UNESCO, na Waganda walichangishana. Kazi ilichelewa kwa mabishano mengi, tena kwa sababu wasusi wa paa waliojua kazi walikuwa wazee na wachache, ikabidi vijana wafunzwe kwanza. Tangu Julai 2010 mahali pale palikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, pakaondolewa Septemba 2023. Tulipofika sisi, nyasi za paa zilikuwa bado na rangi mpya. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando alituuliza tumetoka wapi. Tukamwambia, Kongo. Akasema, kama tulivyokwisha kuandika hapo juu, kwamba Kabaka alipitia kwenu. Alisema kama mtu anayetaja deni.

Wakimbizi wa zamani hapa Uganda nao waliacha alama. Tangu mwaka 1942 maelfu ya Wapolandi, wengi wakiwa kina mama na watoto, waliletwa Nyabyeya karibu na Masindi na Koja kando ya Ziwa Viktoria. Walikuwa wamefukuzwa kwao na vita, wakapita Siberia na Uajemi. Walipokuwa hapa walifungua shule wakafundisha kwa Kipolandi, na Nyabyeya wakajenga kanisa la matofali ambalo lipo mpaka leo. Kwa wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili tungependa kusema: mtu ambaye hana hata blanketi ya kutosha anaweza bado kuona kwamba shule ya lugha yake si anasa. Fomu zenu zinatuuliza tulipoteza nyumba ngapi, ng'ombe wangapi, mashamba kiasi gani. Hazina mstari wa kitu kingine. Hatulaumu; fomu haiwezi kuwa na kila kitu.

Tulichopoteza mwaka jana hakina mstari katika fomu yoyote. Tulimzika mzee mmoja, Mnyanga wa Walikale. Wanyanga wana hadithi ndefu ya shujaa Mwindo, mtoto aliyezaliwa anatembea na kusema, ambaye baba yake, chifu aliyetaka mabinti tu, alimfungia ndani ya ngoma akamtupa mtoni. Mwaka 1956 msimuliaji aitwaye Candi Rureke aliiimba yote kwa siku kadhaa, na mtaalamu wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, akaiandika. Ilichapishwa mwaka 1969, akishirikiana na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe. Mateene huyo baadaye alifanya kazi hapa Kampala, katika ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Vitabu vipo, basi, lakini kwa Kinyanga na Kiingereza, katika maktaba ambazo mtoto wa kambi hafiki.

Mzee wetu alikuwa na namna yake ya kuisimulia. Aliweka na majina ya mito ya kijijini kwake. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alianza kumwandikia jioni, bila kuambiwa na mwalimu. Aliandika kurasa 11. Kisha mitihani ikaja, mwanafunzi akaambiwa asome, na sisi ndio tuliomwambia. Mzee akaugua. Siku ya mazishi watu wa kwao walikuwa watatu tu, wote vijana, na hakuna aliyejua nyimbo za kumsindikiza mtu wa daraja lake. Tuliimba za kanisani, zilikuwa nzuri, na mjane akatushukuru. Baadaye akatuuliza kama kuna mtu yeyote kambini anayejua zile nyingine. Tulitafuta katika kanda zote nne. Hatukumpata.

Daftari lile tunalo shuleni, ndani ya sanduku la bati. Ukurasa wa 11 unaishia Mwindo akiwa ndani ya ngoma, majini.

Tulipomwonyesha daftari hilo mzazi aliyeuliza juu ya chakula na hesabu, alilisoma akiwa amesimama, akarudisha. Alisema bado anataka hesabu. Tukakubaliana saa ya Ijumaa iwe baada ya masomo, isiguse kipindi chochote, na asiyetaka asilazimishwe. Mhubiri ameomba aje kusikiliza kabla hajaamua, nasi tumemkaribisha. Shirika moja limeahidi kinasa sauti; kama kitafika au hakitafika, kalamu zipo.

Mtu wa kwanza ameshapatikana. Ni mama mmoja wa kanda ya tatu, anayejua nyimbo za arusi na za kubembeleza watoto za upande wa Kalehe. Ametoa sharti moja, kwamba atakayeandika awe msichana, maana nyimbo nyingine haziimbwi mbele ya wanaume. Mwalimu mwenzetu wa kike atakwenda na wanafunzi wawili Jumamosi hii, baada ya mgao. Madaftari yamekwisha kununuliwa, ya kurasa 96.